Hisa za Migodi Isiyochimbwa Bado

Mtu anunuaye shamba la kahawa hulikanyaga kwanza kwa miguu yake mwenyewe. Huhesabu mibuni, hutazama udongo, huwauliza majirani mipaka iko wapi na maji hupatikana wapi wakati wa kiangazi. Lakini mtu anunuaye hisa ya kampuni itafutayo madini hununua kitu asichokiona, kilicho chini ya ardhi ya nchi ambayo pengine hataifikia maisha yake yote, na habari zake zote huzipata kwa yule yule anayemwuzia. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulichungua leo, polepole, maana fedha zipoteazo kwa njia hii si fedha za matajiri peke yao. Zimo akiba za walimu na makarani, kama tutakavyoona, na kiinua mgongo cha watu waliofanya kazi miaka thelathini.

Hatusemi kwamba kununua hisa ni jambo baya. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na lile la Dar es Salaam lilianza biashara yake mwaka 1998, na watu wengi wa hali ya kawaida wamepata humo faida ya halali. Ila yafaa tutofautishe. Kiwanda cha bia, au benki, kina hesabu za miaka iliyopita: kiliuza kiasi gani, kililipa mishahara kiasi gani, kiliwagawia wenye hisa kiasi gani. Mgodi unaochimbwa nao una hesabu kama hizo. Kampuni itafutayo madini haina. Ina leseni, ina ramani, ina mashine ya kuchoronga iliyokodiwa, na ina ahadi.

Tena kampuni ya namna hii haina mapato. Haiuzi kitu ila hisa zake yenyewe. Fedha za hisa ndizo zinazolipa mafuta ya mashine, mishahara ya wataalamu, kodi ya ofisi na nauli za wakubwa. Zikiisha, hapana budi iuze hisa nyingine. Na ili iziuze kwa bei nzuri, hapana budi iwe na habari njema za kutangaza. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10, nawe unazo 1,000. Mwaka ujao ikitoa hisa nyingine milioni 10, wewe utabaki na zile zile 1,000, lakini sehemu yako katika mgodi utakaokuja imekuwa nusu ya ilivyokuwa, na hukuulizwa. Wenye hisa wengi hutazama bei tu, wala hawahesabu hisa zimekuwa ngapi. Mwenye busara huanza kuhesabu hapo.

KISA CHA BUSANG

Hapana kisa kilichofundisha dunia jambo hili kama kile cha kampuni ya Bre-X Minerals, ya mji wa Calgary, jimbo la Alberta, nchini Kanada. Mwanzilishi wake, David Walsh, aliifungua mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka kadhaa haikuwa na kitu cha maana. Hisa zake ziliuzwa kwa senti. Mwaka 1993 Walsh alikwenda Indonesia akakutana na John Felderhof, mtaalamu wa miamba mwenye sifa ya kweli, maana alikuwa mmoja wa wale waliogundua shaba na dhahabu ya Ok Tedi, huko Papua New Guinea, mwaka 1968. Kwa shauri lake Bre-X ilipata haki ya kutafuta dhahabu mahali paitwapo Busang, ndani ya misitu ya Kalimantan Mashariki, katika kisiwa cha Borneo. Kazi ya uwanjani iliongozwa na Michael de Guzman, mtaalamu wa miamba kutoka Ufilipino. Kampuni ya Kiaustralia ilikuwa imekwisha kuchoronga mahali hapo kabla yao, ikaondoka zake.

Kisha habari zikaanza kutoka, na kila habari ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Mwishoni mwa 1995 zilitajwa aunsi milioni 30 hivi. Katikati ya 1996 zilikuwa karibu milioni 40. Mwezi wa Februari 1997 zikawa milioni 71, na wakubwa wa kampuni walikuwa wakinena habari za milioni 200. Tujaribu kuzipima namba hizi kwa kipimo tukijuacho. Aunsi milioni 71 ni zaidi ya tani 2,200 za dhahabu tupu. Mgodi wa Geita, ambao ni mmojawapo wa migodi mikubwa ya Afrika, hutoa karibu aunsi nusu milioni kwa mwaka. Kwa mwendo huo Busang ingechimbwa miaka 140.

Hisa nazo zilipanda. Ile iliyouzwa kwa senti mwaka 1993 ilifika zaidi ya dola 280 za Kanada mwezi wa Mei 1996, kabla hazijagawanywa, kila moja kuwa kumi. Mwaka huo huo zikaingia katika soko kubwa la Toronto, na baadaye soko la NASDAQ huko Marekani. Kampuni nzima ilithaminiwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Msomaji akumbuke kwamba hata siku moja haikuwa imeuza gramu moja ya dhahabu. Mgodi haukuwapo. Palikuwa na mashimo membamba ya kuchoronga, vibanda msituni, na vitabu vya hesabu.

Sasa wakubwa wakaanza kugombania nyama ya mnyama ambaye hajauawa. Makampuni makubwa ya dhahabu ya Amerika Kaskazini yalitaka sehemu. Jamaa na marafiki wa Rais Suharto walitaka sehemu. Serikali ya Indonesia ikataka yake. Mwezi wa Februari 1997 wakapatana: Bre-X ibaki na asilimia 45, upande wa Indonesia upate 40, na kampuni ya Freeport-McMoRan ya Marekani, yenye mgodi mkubwa huko Papua, ipate 15 nayo ndiyo ijenge mgodi. Watu wengi walioshika hisa waliyaona magombano hayo kuwa ndiyo ushahidi. Walisema mioyoni mwao: kama rais mwenyewe na matajiri wa dunia wanaitaka Busang, basi dhahabu ipo. Lakini hao matajiri nao walikuwa wakisoma karatasi zile zile. Watu mia wakiamini neno la mtu mmoja, shahidi bado ni mmoja.

Freeport, kabla ya kutoa fedha zake, ilifanya jambo ambalo mnunuzi wa shamba la kahawa angalilifanya siku ya kwanza. Ilipeleka mashine yake, ikachoronga mashimo yake yenyewe kando ya mashimo ya Bre-X, ikapeleka mawe katika maabara ilizozichagua yenyewe. Dhahabu haikuonekana, ila kidogo isiyo na maana. Mwezi wa Januari moto ulikuwa umekwisha kuunguza kumbukumbu nyingi za kazi kule Busang. Tarehe 19 Machi 1997 de Guzman, aliyeitwa arudi Busang kuwaeleza wataalamu wa Freeport tofauti hiyo, alianguka kutoka katika helikopta juu ya msitu, akafa. Tarehe 26 Machi habari ya Freeport ikatangazwa. Siku ya pili hisa iliyokuwa dola 15 na ushei ilishuka mpaka dola 2 na nusu, na wauzaji walikuwa wengi hata mitambo ya soko la Toronto ikashindwa kuendelea na kazi. Mwezi huo huo wa Machi Felderhof alikuwa amepewa tuzo na chama cha watafuta madini wa Kanada kwa ugunduzi wake.

Wachunguzi wa kampuni ya Strathcona, ya Toronto, waliitwa kuhakikisha. Walichoronga upya, na kila sampuli waliilinda mchana na usiku mpaka maabara. Taarifa yao ilitoka tarehe 4 Mei 1997: hapana dhahabu ya kuchimbwa Busang, na maelfu ya sampuli yalikuwa yametiwa dhahabu kutoka nje. Kwa kipimo cha wakati na cha ustadi, walisema, hawakujua udanganyifu mwingine mfano wake katika historia ya migodi.

PETE MOJA NA MIFUKO MIA NA SITINI

Msomaji atauliza: yawezekanaje kughushi tani elfu mbili za dhahabu? Angezipata wapi huyo mdanganyifu? Hapa ndipo penye fundisho lenyewe, nasi tutakaa hapo kidogo.

Dhahabu ya migodi mingi ya siku hizi haionekani kwa macho. Mwamba wenye gramu 3 katika tani moja waweza kuwa mwamba mzuri wa kuchimbwa kwa mashine. Gramu 3 kwa tani ni sehemu 3 katika sehemu milioni. Sasa chukua mfuko wa sampuli wenye kilo 10 za mawe yaliyosagwa. Ili mfuko huo uonekane kuwa na gramu 3 kwa tani, wahitaji kutia humo dhahabu ya miligramu 30 tu, yaani chembe chache kama vumbi. Pete moja ya harusi yenye gramu 5 za dhahabu tupu, ikikwanguliwa kwa tupa, yatosha mifuko 160 na zaidi. Maabara haikudanganya. Ilipima kilichomo mfukoni ikaandika sawasawa. Kampuni ya wahandisi iliyokadiria wingi wa dhahabu nayo ilipiga hesabu zake barabara, kwa namba ilizopewa. Kila mmoja katika mlolongo alifanya kazi yake kwa haki, na jumla yake ikawa uongo wa mabilioni, kwa sababu mfuko ulikuwa umefunguliwa njiani kati ya msitu na maabara.

Wachimbaji wa nchi za Magharibi huuita ujanja huu kutia chumvi. Nasi katika Kiswahili husema mtu ametia chumvi anapoyazidisha maneno. Huko Busang maneno na mawe vilitiwa chumvi pamoja.

Tena alama zilikuwapo, kwa mwenye kutaka kuziona. Mashine ya kuchoronga hutoa ardhini kipande kirefu cha mwamba, mviringo kama muwa. Desturi ya kazi hii ni kuupasua muwa huo kwa urefu: nusu yapelekwa maabara, nusu yawekwa katika sanduku, ili mwenye shaka aje siku yoyote apime nusu iliyobaki. Huko Busang karibu muwa wote ulisagwa, vikabakizwa vipande vifupi tu. Sababu iliyotolewa ni kwamba dhahabu ya hapo haikuenea sawasawa, hivyo ni lazima kupima mwamba mwingi ili kupata kipimo cha haki. Ni sababu ya kitaalamu, na mtu asiye mtaalamu angeikubali upesi. Lakini matokeo yake ni kwamba hapakubaki kitu cha kuhakikisha. Alama ya pili ilikuwa chembe zenyewe. Dhahabu itokayo ndani ya mwamba mgumu ina pembe na makali. Dhahabu ya mashapo, iliyosukumwa na maji miaka na miaka, huviringika. Mchimbaji mdogo wa huku kwetu aijua tofauti hiyo. Chembe za Busang zilikuwa za mviringo, yaani dhahabu ya mtoni ndani ya mawe yaliyodaiwa kutoka chini sana ya ardhi.

Kwa nini basi wenye elimu hawakuona? Wachambuzi wa mabenki makubwa walikwenda Busang, wakapokewa vizuri, wakaonyeshwa mashine na ramani za rangi. Walirudi na picha, ila hawakurudi na mawe yao wenyewe. Wengine walilipwa na makampuni yaliyopata faida kwa kuuza hisa zile zile walizozisifu. Na iko sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Bre-X ilipokua, ilitiwa katika orodha ya makampuni yanayotumiwa kupimia soko la Toronto, na mifuko mingi ya fedha ilikuwa imeagizwa kununua kila kampuni iliyomo katika orodha hiyo. Hivyo mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario, na mifuko mingine ya wafanyakazi wa Kanada, ilipoteza makumi ya mamilioni ya dola. Mwalimu wa Ontario aliyekuwa akifundisha hesabu darasani huenda hakujua hata siku moja kwamba yeye ni mwenye hisa katika msitu wa Borneo. Pamoja naye walikuwamo watu wa miji midogo ya Alberta waliokopa kwa dhamana ya nyumba zao.

NIKELI ILIYOKUWAPO KWELI

Mtu angeweza kusema: haya ni mambo ya wezi, nami nitajihadhari na wezi, basi yatosha. Hayatoshi. Fedha nyingi za wenye hisa hupotea katika migodi ambayo madini yake ni ya kweli.

Mwezi wa Septemba 1969 kampuni ndogo ya Australia, Poseidon, ilipata nikeli mahali paitwapo Windarra, Australia Magharibi. Wakati huo nikeli ilikuwa haba, kwa ajili ya vita vya Vietnam na mgomo wa wachimbaji wa Sudbury huko Kanada. Hisa ya Poseidon, iliyokuwa senti 80 tu, ilipanda hata ikafika dola 280 za Australia mwezi wa Februari 1970. Makampuni mengine mengi, mengine hayana ila kipande cha jangwa karibu na Windarra, yaliuza hisa zao kwa watu wenye haraka. Nikeli ilikuwapo. Lakini mwamba wake ulikuwa hafifu kuliko ilivyodhaniwa, gharama za kujenga mgodi zilizidi makisio, na mgodi ulipoanza kuchimbwa mwaka 1974 bei ya nikeli haikuwa tena ile ya 1969. Mwaka 1976 kampuni ilikuwa mikononi mwa wadai wake. Hapana aliyetia chumvi katika mifuko ya Windarra. Ni muda tu, na hesabu ya gharama, vilivyowala wenye hisa.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, iligunduliwa katika miaka ya 1970. Wataalamu wote wakubali kwamba ni nikeli nzuri sana. Imepita katika mikono ya makampuni kadhaa, ya Kanada na ya Ulaya. Imechorongwa, imepimwa, imeandikiwa taarifa nyingi. Mkataba kati ya Serikali ya Tanzania na mbia wake wa sasa ulitiwa sahihi mwezi wa Januari 2021. Hata mwisho wa mwaka 2024 mgodi wenyewe ulikuwa haujatoa nikeli ya kuuza. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu, maana kuna mambo ya barabara, umeme, bei ya dunia na sheria, na kila moja lina haki yake. Twasema hivyo ili msomaji ajue kwamba kati ya neno "tumepata" na neno "tumeuza" yaweza kupita miaka hamsini, na hisa haina subira hiyo. Mtu aliyenunua kwa sababu aliambiwa mgodi utaanza baada ya miaka miwili, huuza kwa hasara mwaka wa tatu, hata kama mjukuu wake atakuja kuuona mgodi.

MANENO YA MATANGAZO

Baada ya mambo ya Poseidon, wataalamu wa Australia walikutana tangu 1971 kutafuta kanuni ya kuandika taarifa za madini, na kanuni yao iitwayo JORC ilitoka mwaka 1989. Kanada, baada ya Busang, ilitunga yake, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Kwa kuwa makampuni mengi yanayotafuta dhahabu na nikeli katika kanda ya Ziwa Viktoria huandikishwa katika masoko ya nchi hizo mbili, taarifa zao hufuata kanuni hizi, nasi yatupasa kujua maneno yake.

Neno la kwanza ni rasilimali. Maana yake ni madini yanayodhaniwa kuwapo ardhini kwa kadiri ya mashimo yaliyochorongwa. Rasilimali nayo ina ngazi tatu: ya kukisiwa, ambapo mashimo ni machache na mtaalamu anabahatisha kwa elimu, ya kuonyeshwa, ambapo mashimo yamekaribiana, na ya kupimwa, ambapo shaka imebaki ndogo. Neno la pili ni akiba. Akiba ni sehemu ile tu ya rasilimali ambayo, baada ya kuhesabu gharama za kuchimba, kusaga, kuchenjua, kusafirisha na kulipa kodi, yaweza kuchimbwa kwa faida. Rasilimali ya kukisiwa haiwezi kuitwa akiba hata kidogo. Lakini tazama jinsi tangazo linavyoandikwa: namba kubwa yatangulia kwa herufi nene, na neno "ya kukisiwa" lafuata chini kwa herufi ndogo. Namba kubwa zote za Busang zilikuwa za rasilimali. Akiba ya Busang haikuwahi kuthibitishwa.

Vile vile yako maneno juu ya mashimo. Kampuni hutangaza kwamba shimo moja limekuta gramu 20 kwa tani. Msomaji aulize: kwa urefu gani? Gramu 20 katika nusu mita ya mwamba si sawa na gramu 3 katika mita 40. Aulize tena: mashimo mengine yaliyochorongwa mwezi huo yalikuta nini? Kampuni iliyochoronga mashimo kumi ikatangaza mawili haikusema uongo, ila imenyamaza mara nane.

Na tarehe za kuanza kuzalisha zina utamaduni wake. "Robo ya mwisho ya mwaka ujao" ni maneno yapendwayo sana. Kabla ya kuyaamini, tafuta kama upembuzi yakinifu umekamilika, na nani ameufanya. Kama fedha za kujenga zimepatikana, au bado "mazungumzo yanaendelea". Kama majaribio ya kuchenjua yamefanywa kwa mwamba wa mahali penyewe, maana kuna miamba yenye dhahabu nyingi isiyokubali kuiachia kwa njia ya kawaida. Kisha chukua matangazo ya kampuni hiyo hiyo ya miaka mitatu iliyopita, uyasome kwa mpangilio. Ikiwa tarehe ya kuanza imesogezwa mbele mara tatu, na kila mara hisa mpya zimeuzwa katikati, huhitaji kuwa mtaalamu wa miamba. Na ukitaka kujua wakubwa wenyewe wanaamini nini, tazama kama wananunua hisa zao au wanaziuza. Sheria za masoko makubwa huwalazimisha watangaze.

Haki yataka tuseme neno upande wa pili. Bila watu wenye kuthubutu, hapana mgodi uliopata kupatikana. John Williamson alihangaika miaka kadhaa katika pori la Shinyanga, na wengi walimdhania mjinga, mpaka mwaka 1940 alipoipata almasi ya Mwadui. Mtu mwenye fedha asizozitegemea kwa ada ya shule wala dawa, akapenda kuzitia katika utafutaji, ana haki yake, na pengine atapata. Neno letu ni kwa yule ambaye fedha hizo ni zote alizo nazo, na kwa mweka hazina wa chama ambaye fedha hizo si zake. Huyu wa pili hasa asidhani kwamba namba za maabara zamfunika. Walimu wa Ontario walikuwa na mweka hazina msomi kuliko yeye.

Baada ya Busang mambo yalikwendaje? Bre-X ilifilisika mwaka 1997. Walsh alikufa mwaka 1998 huko Bahama, akisema mpaka mwisho kwamba hakujua neno. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la kampuni yenyewe uliwatupia lawama de Guzman na wenzake wa uwanjani. Felderhof alishtakiwa Ontario kwa kuuza hisa zake za mamilioni ya dola akiwa na habari ambazo umma hawakuwa nazo. Mwaka 2007 hakimu alimwachilia, asione kwamba alikuwa na hatia. Alifariki mwaka 2019. Hapana mtu hata mmoja aliyefungwa jela kwa dhahabu ya Busang, na wenye hisa, baada ya mashauri ya zaidi ya miaka 15, hawakurudishiwa ila makombo.

Kanuni ya Kanada ya 2001 yataka taarifa ya madini itiwe sahihi na mtu mwenye sifa, atajwe jina lake, na yeye mwenyewe awe amefika mahali penyewe. Na kampuni itangazapo mambo makubwa kwa mara ya kwanza, mtu huyo asiwe mtumishi wake. Hiyo ni ngao nzuri. Lakini yawalinda wale tu wanunuao katika masoko yaliyo chini yake. Anayeuza hisa za mgodi kwa simu, au katika ukumbi wa hoteli, au kwa kupitia rafiki wa rafiki, hakufungwa na kanuni ya Toronto wala ya Sydney. Kwa Tanzania, kampuni haina ruhusa ya kuuza hisa kwa umma pasipo waraka wa matarajio uliokubaliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya nayo ina mamlaka yake ya masoko ya mitaji. Kuuliza hakulipiwi. Tena Tume ya Madini hutunza daftari la leseni zote. Mwuzaji akikuonyesha karatasi ya leseni yenye mhuri, usitazame mhuri kwanza. Soma kichwa cha karatasi. Leseni ya utafutaji hutolewa kwa miaka minne ya kwanza, na yampa mtu haki ya kutafuta tu. Leseni ya uchimbaji ni karatasi nyingine. Kisha tafuta jina la mwenye leseni, ulilinganishe na jina la kampuni inayokuuzia hisa, na utazame tarehe ya kwisha kwake.